“Haina kitu hiyo”

Mliosikiliza kipindi kilichopita mlinisikia nikinyamaza ghafla pale wenzangu walipoanza kucheka habari za harusi, razha, na mabinamu wanaopiga picha na bunduki za mababu. Wengine mmeleta ujumbe: mbona ulikata vile? Haya, nawajibu hapa kwa maandishi, kwa sababu kwenye kipaza sauti ningelia, na mie sipendi kulia watu wakisikia.

Kwetu ni Wattaya, nyuma ya yale maonyesho ya magari, upande wa milimani ambako jua likishuka mawe yanabaki moto mpaka usiku. Ami yangu ana majlisi ndefu, na ukutani katundika vitu vitatu: jambia ya babu, picha ya Forodhani iliyopauka mpaka bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na bunduki. Wageni wote wanaiuliza bunduki. Ami hutabasamu tu, husema, “Hiyo mzee mwenzangu.”

Siku ya harusi ya binamu yangu mkubwa wanaume walikuwa wanajitayarisha kutoka. Kanzu zimepigwa pasi, vilemba vinafungwa, kila mtu na jambia yake. Ami akaishusha bunduki ili mtoto wake wa mwisho, ana miaka kumi na saba, aibebe kwenye razha. Akafungua mlango wa chini wa magazini, risasi nne zikamwagika kiganjani, akazitia mfukoni. Akampa kijana, akasema yale maneno matatu ambayo kila nyumba yenye bunduki ishawahi kuyasema: “Haina kitu hiyo.”

Kijana akaielekeza ukutani, kidole kiko kwenye kifyatulio, mkono wa pili wa rafiki yake umeshika simu kwa ajili ya video. Halafu, alhamdulillahi, akataka sauti kwanza. Ule mlio wa chuma mnaoujua, wa kukoki. Akavuta bolti nyuma kwa nguvu zake zote, na risasi ya tano ikaruka kutoka ndani, nzima, ikadunda kwenye sinia ya kahawa ikazunguka baina ya vikombe.

Hakuna aliyesema kitu. Mie niliiona kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya halua. Na ule ukuta alioulenga, nyuma yake ni jiko. Bibi yangu alikuwamo, shangazi zangu wawili walikuwamo, na dakika moja nyuma nilikuwamo mie.

Angeanza na kifyatulio badala ya bolti, leo mngekuwa hamsomi haya.

Sasa, najua wako watakaosema ami yangu mzembe. Si mzembe. Ni mtu aliyekuwa jeshini tangu miaka ya sabini, anayepanga viatu vyake kwa mstari. Kosa alilofanya ni kosa la watu wanaojua, na ndiyo maana naliandika. Kaiona magazini imemwagika, akili yake ikafunga faili.

Bunduki yenyewe ni Simonov. Kaibuni Mrusi, Sergei Simonov, miaka ya 1940, na Wachina wakatengeneza yao ya namna hiyo hiyo kuanzia 1956. Huku kwetu zilikuja na vita vya Dhofar, vile vya 1965 mpaka 1975, kwa sababu waasi wa jabali walipata silaha za Kichina na za Kirusi. Nyingine zikatekwa, nyingine wenyewe wakaja nazo walipojisalimisha upande wa serikali. Hii ilivyomfikia ami ni hadithi yake, na karatasi za polisi anazo.

Tatizo ni kwamba vijana wa kwetu wanaiita “Abu Ashara”. Jina hilo kwa wazee ni la bunduki nyengine kabisa, ile Lee-Enfield ya Kiingereza inayochukua risasi kumi. Simonov nayo inachukua kumi, basi jina likahama. Lakini hizi mashine mbili hazifanani tabia. Lee-Enfield inakungoja. Ukishapiga, haitii risasi ya pili mpaka mkono wako uinue bolti, uvute, usukume. Simonov haingoji mtu. Ukipiga mara moja, gesi ya baruti inarudisha bolti nyuma, ganda linaruka nje, spiringi inaisukuma bolti mbele, na njiani inaokota risasi inayofuata na kuitia chemba. Hujapepesa jicho, iko tayari tena. Mtu aliyezoea ile ya kwanza akapewa ya pili kwa jina moja, ndo hapo.

Chemba ni kile kijumba mwisho wa mtutu ambamo risasi inakaa kusubiri kupigwa. Likamateni hilo neno, maana mambo yote yako humo. Magazini ya Simonov haichomoki kama tunavyoona kwenye filamu. Imefungwa chini ya tumbo la bunduki, na kwa nyuma ina kitasa. Ukikivuta, mlango unafunguka, risasi zinamwagika. Zikimwagika, mtu anahisi kazi imekwisha. Ile iliyokwisha panda chemba haina habari na magazini. Itakaa humo mwaka, itakaa humo miaka sita, bunduki imetundikwa ukutani chini ya kiyoyozi na watoto wanacheza karata chini yake.

Ya kwetu ilikaa humo muda gani? Ami alipiga hesabu, akafika kwenye safari moja ya zamani, akanyamaza.

Nilimuuliza wiki mbili baadaye, Ijumaa baada ya chakula, anifundishe. Alinitazama kama nimemwomba aniazime meno yake. “Wewe? Ya nini?” Nikamwambia, ami, nyie mnaishika, lakini upande ule unaotoka risasi tumekaa sisi. Wanawake wa nyumba hii wako jikoni kila mnaposhusha hiyo kitu. Mnanambia si kazi yangu, na ukuta ni wa bloki tu.

Akacheka, kisha hakucheka tena. Akaishusha.

Kilichonishangaza ni lugha. Yeye mafunzo yake aliyapata kwa Kiarabu na kwa Kiingereza cha maofisa, na hajawahi kumfundisha mtu bunduki kwa Kiswahili. Alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayetafuta miwani. Mtutu alikuwa nao. Kitako, kile cha mbao cha kuegemeza begani, alikuwa nacho. Kifyatulio alikisema mara moja. Bolti akasema bolti, na hakuna aliyemuuliza. Lakini nilivyoona mie, kile Kiswahili kilimlazimisha aende polepole. Alipokuwa anasema Kiarabu mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Alipotafuta neno, mikono ilisimama ikangoja.

Basi hivi ndivyo alivyonionyesha, na nayaandika kama yalivyo ili anayejua zaidi anisahihishe.

Kabla ya chochote, mtutu uelekee mahali ambapo hata ikitoka risasi haitamkuta mtu. Ndani ya nyumba pahala hapo ni adimu kuliko unavyofikiri. Ukuta wa bloki si pahala. Dari si pahala kama juu kuna chumba. Sisi tulitoka nje, ami akaielekeza chini ya kilima, kwenye mchanga mwingi, si kwenye jiwe, maana risasi ikigonga jiwe hurudi. Kidole kimenyooka ubavuni mwa bunduki, hakigusi kifyatulio, na hakitakigusa mpaka mwisho. Kisha kile kijino cha usalama, nyuma ya kifyatulio, kipandishwe. Lakini alinambia nisikipende sana: kwenye Simonov kinazuia kifyatulio peke yake. Bolti inakwenda na kurudi kama kawaida.

Halafu mlango wa magazini unafunguliwa, zilizomo zinatoka. Na hapa ndipo alipokosea siku ile, basi hapa alinishika mkono. Funga ule mlango tena, alisema, tupu. Sasa vuta bolti mpaka mwisho. Kama kuna risasi chemba itaruka, iache ianguke, usiidake. Magazini ikiwa tupu na imefungwa, bolti haitarudi. Itakamatika nyuma na kubaki wazi. Ukiuacha mlango wa magazini umefunguka hakuna cha kuikamata, spiringi itairudisha mbele ghafla, na kama kidole chako kimo ndani, basi umekiaga.

Ikishakamatika, tazama. Si kutupia jicho. Inama uone mwanga ndani ya chemba, washa tochi ya simu kama ni usiku, kisha tia kidole kidogo uguse. Macho yanaona yanachokitarajia. Kidole hakina matarajio. Ami kagusa, kisha nikagusa mie. Chuma kilikuwa baridi na kina grisi.

Kuifunga nako kuna adabu yake. Wako wanaotia kidole gumba kuibonyeza ile sahani ya magazini ili bolti iachie, na bolti inawashukia kama mlango wa gari. Afadhali ufungue mlango wa chini, uvute bolti nyuma kidogo, uiachie, na mtutu bado unatazama mchanga. Kwa nini bado, na tumeshaona tupu? Kwa sababu ya jambo moja ambalo mie sikulijua kabisa. Kwenye Simonov nyingi ule msumari unaogonga risasi hauna spiringi ya kuurudisha, unaelea tu ndani ya bolti. Ukiingia kutu, au grisi kongwe iliyoganda, unaweza kukwama mbele. Siku utakapotia risasi na bolti ikajifunga, bunduki inalia yenyewe, kidole chako hakijagusa popote na usalama uko juu. Bunduki iliyotundikwa miaka mingi bila kusafishwa ndiyo hasa ya kuogopa hilo. Na zile za ukutani, niambieni, nani anazisafisha ndani? Tunapangusa kitako king'ae, basi.

Kama kwenu ukutani kuna aina nyengine, kwa mfano ile FN ya Kibelgiji ambayo jeshi la hapa lilikuwa nayo miaka hiyo, vitasa vyake viko pengine na mkono wake wa kuvutia uko kushoto. Msichukue maneno ya Simonov mkayatia kwenye FN. Linalobaki ni lile lile la chemba.

Sasa nije kwa bibi, kwa sababu bibi ana rai yake na si ndogo. Yeye anasema bunduki itoke nyumbani, khalas. Alikuwa msichana Unguja asubuhi ile ya Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, walipovamia bohari la silaha la polisi pale Ziwani. Watu walioingia na mapanga wakatoka na bunduki. Zaidi ya hapo hasemi. Nyumba nyingi za kwetu ziko hivi: upande mmoja kuna kimya cha waliokimbia bunduki, upande mwengine kuna majlisi ya waliokuja huku wakaambiwa mwanamume kamili ana jambia kiunoni na bunduki mkononi. Baina ya viwili hivyo tumekulia sisi, tunajua kuipigia picha tu. Bibi hakutufundisha kwa sababu hataki hata kuitaja. Ami hakutufundisha kwa sababu anadhani mtoto wa kiume huzaliwa anajua.

Na wala si kwamba bunduki kwetu ni ugeni. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, baada ya Mkataba wa Brussels wa 1890 kubana uingizaji wa silaha Afrika, soko la Maskati likawaka. Bunduki zilishuka hapa kwa shehena na kuvushwa mpaka pwani ya Uajemi na kwengineko. Mwaka 1912 Sultani Faisal bin Turki, kwa shinikizo la Waingereza, akaziweka zote kwenye bohari moja la serikali, na hasira ya hilo ilichangia watu wa bara kumpa uimamu Salim bin Rashid Al Kharusi mwaka uliofuata. Januari 1915 jeshi la imamu likafika mpaka Bait Al Falaj, Ruwi, karibu na tunapokaa sisi, likarudishwa. Ile ngome leo ni makumbusho ya jeshi. Nendeni, mkaone bunduki nyuma ya kioo, na mjiulize kwa nini makumbusho wana kioo na sisi tuna msumari wa ukutani.

Mie simungi mkono bibi moja kwa moja. Bunduki ya ami ni maisha yake, na siku ikiondoka ataondoka nayo kidogo. Lakini simungi mkono ami pia anaposema ni turathi, kama kwamba turathi haiwezi kuua mtu jikoni. Ninachotaka ni kidogo kuliko wanavyotaka wote wawili, na kwa hiyo sioni udhuru wa kunikatalia. Bunduki isitoke mkono kwenda mkono ikiwa imefungwa. Anayetoa aifungue, aone, aguse. Anayepokea naye aone na aguse, hata kama anayetoa ni ami yake, hata kama ni sheikh, hata kama kamuona akifungua sekunde tano nyuma. Isionekane ni utovu wa adabu. Mtoto akimwambia mzee “Ami, nionyeshe chemba”, mzee aseme vizuri, si aseme “Huniamini?” Hili neno “huniamini” ndilo litakalotuua.

Risasi zikae pengine, zimefungwa, na ufunguo usiwe juu ya kabati ambalo kila mtoto anajua. Na wasichana wafundishwe. Si lazima wapige. Wajue kuifungua na kuikagua, na wajue kusema “hapana, geuzeni huko” bila kuona haya.

Na kama babu kafariki na kuiacha, na hakuna nyumbani anayejua ndani yake, msiiguse. Msivute bolti kujaribu bahati. Kibali kilikuwa cha marehemu, hakirithiwi kama saa ya mkono. Wapigieni polisi waje au wawaambie cha kufanya. Najua inaonekana kama kumsaliti marehemu. Tumeshalizungumza hili nyumbani kwetu, ami akiwa amekaa pale pale anasikiliza habari za kifo chake mwenyewe, na akasema sawa.

Mwezi uliopita ilikuwa harusi nyengine, ya upande wa mama. Ami akaishusha Simonov, akatoka nayo uwanjani, akafungua, akatazama, akagusa. Akampa yule yule kijana, naye akatazama, akagusa, uso umemwiva. Mie nikatazama. Tukadhani tumemaliza, mara tukasikia kandambili nyuma yetu. Bibi, ambaye hajawahi kukisogelea kile chuma miaka yote niliyomjua, kaja na miwani yake na simu imewashwa tochi. Akainama akamulika ndani, muda mrefu, mpaka watu wakaanza kuangalia saa.

“Kidole changu kinene,” akasema. “Tia wewe.”

Nikatia.

Mwenye neno la Kiswahili la bolti atuletee kwa sauti kwenye namba ya kipindi. Ami anasema lazima lipo.